Kufuli Ndani ya Kiazi

Bibi Genowefa hakulijua neno kimeng'enya.
Alijua chupa ya mafuta ya taa
iliyoning'inia kiunoni kwa uzi wa gunia
mwaka ule shule nzima ilipotolewa darasani
kuokota mbawakawa katika viazi vya Kościerzyna.
Mgongo wa manjano, michirizi myeusi kumi.
Alihesabu michirizi, si wadudu,
kwa kuwa kumi, alisema, haina deni.

Nami, mjukuu, nalipwa mshahara kwa mdudu huyohuyo.
Ghorofa ya tatu, Poznań, kinu cha kaure,
nasaga majani yaliyoumwa na yasiyoumwa.

Jani likiumwa halipigi ukelele.
Hulinong'oneza shina, shina likapeleka neno,
na kabla jua halijahama dirisha
mmea wote, hata upande usioguswa,
umekwisha kufua makufuli.

Si sumu. Nawarudia wanafunzi: si sumu.
Ni protini, kitu kidogo chenye kidole kimoja,
kinachoingia katika kinywa cha kimeng'enya
kama ufunguo uliovunjikia tunduni:
haugeuki, hautoki,
na mwingine hauna pa kuingia.
Mdudu anakula. Anakula tena.
Tumbo limejaa na hakuna kinachosagika.
Hafi, mara nyingi. Anadumaa tu.
(Na walio wajanja huota vimeng'enya vingine,
wakaanza upya; vita hivi havina mkataba.)

Nilipokuwa mdogo Bibi alinitegea kitendawili,
huku akimenya, bila kuinua macho:

    Kinywa kinatafunani, na tumbo halipokei?
    Shibe iliyo tumboni, damuni haielei,
    Njaa i papo kitini, hatua haisogei,
    Kufuli li mlangoni, funguo hazienei.

Nikashindwa. Nikampa mji: nikampa Gdańsk.
"Gdańsk uliungua," akasema, "nipe mwingine."
Nikampa Poznań. Akaufikiria kidogo, akaupokea.
"Kiazi kibichi," akajibu, na maganda yakaanguka ndooni.

Machi, arobaini na tano. Alikuwa na miaka tisa.
Watu saba chini ya sakafu, na lundo la viazi,
na moto ni marufuku, maana moshi ungewaita askari.
Siku kumi na moja walikula vibichi,
kwa meno, na udongo wake.
Alojzy, kaka mdogo, tumbo ngoma, miguu njiti,
alikuwa akiomba chakula huku anatafuna.
Mama yake alimwambia: lakini unakula, mwanangu.
Unakula.

Siku ya kumi na mbili wakawasha jiko.
Hilo Bibi hulisimulia polepole kuliko yote:
mfuniko uliocheza, chumvi iliyokosekana,
Alojzy aliyelala amekaa, ganda la moto shavuni.

Mwaka jana nikamweleza, kwa mchoro, juu ya gazeti.
Kwamba tumboni mwetu mna kimeng'enya kama cha mdudu.
Kwamba kufuli lilelile linakitosha.
Kwamba moto hulikunjua kufuli, likawa uzi tu,
chakula kama chakula kingine.
Aliutazama mchoro muda mrefu,
akaufuta mvuke kwenye miwani.

"Basi hakikutujua," akasema.
"Kule gizani. Kilisikia meno tu.
Kilidhani sisi ni mbawakawa."

Kisha akachoma kiazi kwa uma, kuona kama kimeiva,
akakichoma tena, na cha pili, na cha tatu,
akaniwekea vinne, siagi juu.

Sikumwambia kwamba lipo kufuli moja,
dogo kuliko yote,
ambalo maji yanayochemka hayalilegezi.
Alikuwa anameza.